Nina miaka 23, mikono inatetemeka na sijui kwa nini. Kuna aliyepitia hili?

Bisibisi #1
Wakuu, kwema.

Naenda moja kwa moja. Nina miaka 23, mwanamume, kazi yangu ni kufungua simu mbovu na kuzirudisha zikiwa nzima. Tangu kama miezi mitano iliyopita mikono inatetemeka. Si kutetemeka kwa homa. Ni kudogo, kwa haraka, mtu aliye mbali haoni. Lakini skrubu za simu ni ndogo kuliko mbegu ya ufuta, na mimi naona: ncha ya bisibisi inazunguka juu ya kichwa cha skrubu kama nzi anayetafuta pa kutua. Nikiegemeza kiganja mezani kunapungua. Mwenye simu akisimama kunichungulia kunazidi maradufu.

Mikono ikitulia mapajani sioni kitu. Au naona? Siku hizi sijui tena, nimeitazama mno. Juzi saa nane usiku nilikaa kitandani na taa ya simu nikarekodi video za mkono wangu. Video saba.

Nimesoma mtandaoni hadi nikafika kwenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili. Nikafunga, nikafungua tena. Kuna mtu wa umri huu yamemkuta? Ilikuwa nini?

Kichwa Ngumu #2
Punguza nyeto mkuu. Uzi ufungwe.

Nafuatilia Kimya #3
Naweka kigoda hapa.

Shuka Mbili #4
@Kichwa Ngumu kila uzi wa afya jibu lako ni hilo hilo. Siku mtu akija na jino bovu utamwambia apunguze. Haina uhusiano wowote na mikono kutetemeka, acha kumwongezea mwenzio aibu juu ya hofu.

Nesi wa Zamu #5
Pole mleta uzi. Kabla watu hawajakugawia magonjwa, jibu haya. Unakunywa kahawa au vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu? Unalala kiasi gani? Kuna dawa yoyote unatumia, hata ile unayoiona ya kawaida? Umepungua mwili? Moyo unaenda mbio ukiwa umekaa tu? Ni mkono mmoja au yote? Kuna ndugu ambaye mikono yake inatetemeka? Pombe je?

Na ujue hakuna mkono wa binadamu usiotetemeka. Nyoosha mikono mbele, viganja chini, mtu akuwekee karatasi nyepesi juu ya vidole, uangalie kingo zake. Kila mmoja wetu ana mtetemo wa kawaida, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ila ni mdogo hivyo macho hayaushughulikii. Hofu, uchovu, njaa, kafeini na baadhi ya dawa huukuza. Kwa hiyo maswali ni mawili: wako ni ule wa kila mtu uliokuzwa na kitu, au ni wa aina nyingine?

Kichwa Ngumu #6
Nimeweka karatasi. Inacheza. Nesi umeniharibia jioni.

Fremu ya Pili #7
Mimi kura yangu iko kwenye makopo hata kabla hajajibu. Nilipokuwa namalizia chuo nilikuwa nakunywa matatu kwa siku na kahawa juu yake. Ilifika mahali nashindwa kumimina maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, yanaishia vidoleni. Nikaacha ghafla, kosa. Siku mbili kichwa kiliniuma kama nimevishwa sufuria. Wiki ya pili mikono ikatulia.

Watu hawajui kwamba kafeini haitoki haraka. Kwa mtu wa kawaida, baada ya masaa kama matano nusu yake bado imo mwilini. Kopo la saa kumi na mbili jioni mnalala nalo kitanda kimoja.

Bisibisi #8
Asanteni. Majibu ya Nesi:

Makopo ni mawili, siku ya kazi nyingi matatu. Nalala masaa matano, wakati mwingine manne. Nina pumu tangu utotoni, natumia inhela ya salbutamol kifua kikibana, labda mara tatu kwa wiki. Kupungua: sijapima ila suruali zimelegea, mkanda nimeongeza tundu kwa msumari. Moyo ndiyo, ila nikianza kuufikiria. Mikono ni yote miwili, wa kulia zaidi. Babu mzaa mama alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili, sisi tulidhani ni uzee. Pombe sinywi.

Nafuatilia Kimya #9
Hapo umempa kila mtu kipande chake. Ngoja waanze kugombania.

Kikombe Nusu #10
Babu wa kikombe cha mikono miwili! Karibu kwenye ukoo, kijana.

Mimi nilianza na miaka 16. Maabara ya kemia, namimina asidi kwenye bureti, mkono unagonga kioo ti-ti-ti-ti hadi darasa zima likageuka. Mwalimu akaniuliza nimekunywa nini. Sikuwa nimekunywa kitu. Baba anao, shangazi anao, dada yangu hana. Nilipofika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, baada ya miaka ya kuambiwa "jiamini", aliniuliza maswali kumi, akanichoresha duara la konokono, akasema huu ni mtetemo wa kifamilia. Kati ya magonjwa yote ya mwili kwenda usivyotaka, huu ni miongoni mwa yanayopatikana kwa wingi kabisa.

Tabia yake ni hii: mikono mapajani, kimya. Inua kitu, nyoosha mkono, tia uzi kwenye sindano, ndipo unaamka. Watu wanadhani ni wa wazee tu, lakini una misimu miwili ya kuanza, ujanani na uzeeni. Mzazi akiwa nao, mtoto ana nafasi kama nusu kwa nusu. Ila wapo wengi wasio na ndugu hata mmoja mwenye nao, kwa hiyo babu ni dokezo, si hukumu.

Sasa nina miaka 30. Umeongezeka kidogo mno. Kikombe sikijazi, ndiyo jina langu hapa. Kalamu nanunua nene. Viwiko navibana mbavuni nikila mbele za watu. Kinachoniudhi si mtetemo, ni kutia sahihi dirishani foleni ikiwa nyuma yangu na karani ananitazama kama mwizi wa hundi.

Na kitu kimoja hushangaza watu: pombe kidogo huutuliza kwa masaa machache, halafu unarudi kwa hasira. Madaktari wengine huuliza hilo ili kuutambua. Nimelisema kama alama, sio kama ushauri.

Kichwa Ngumu #11
"Pombe kidogo huutuliza." Wakuu, dawa imepatikana, mleta uzi anywe mbili tufunge.

Alfajiri Mbaya #12
Usicheke. Mimi nilianza hivyohivyo, moja ya kutuliza mkono. Miaka minne baadaye mkono ulikuwa unatetemeka KWA SABABU ya pombe. Kila asubuhi, kabla sijaosha uso, nashika glasi kwa mikono miwili ili nisiimwage ile ya kuniamsha. Mwili ukishazoea, masaa 6 hadi 24 baada ya ya mwisho mtetemo unaanza, na jasho, na moyo.

Halafu nikajifanya shujaa nikaacha kwa siku moja. Siku ya pili nilianguka degedege sakafuni, nikaamka ulimi umekatika pembeni. Anayesoma hapa na ni mnywaji wa kila siku: usiache peke yako chumbani, acha ukiwa na daktari. Nina miaka miwili na miezi sasa. Mkono umetulia. Mleta uzi si kesi yako, endelea.

Kichwa Ngumu #13
Mkuu pole. Nimefuta meno.

Koti Jeupe #14
Mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, kwa hiyo nipigeni mawe kwa kiasi.

Mnakimbilia babu na makopo, mmeruka inhela. Salbutamol inafungua njia za hewa kwa kugusa vipokezi ambavyo vimo pia kwenye misuli ya mikono. Mikono kutetemeka ni moja ya athari zake zinazojulikana zaidi. Lakini inaisha ndani ya masaa machache. @Bisibisi siku usizoivuta, mikono inatulia? Kama haitulii, inhela si maelezo yote. Na mara tatu kwa wiki maana yake pumu yako haijadhibitiwa, hilo lipeleke hospitali hata mikono ikipona kesho.

Dawa nyingine zenye tabia hiyo: valproate ya kifafa, lithiamu, theofilini, baadhi ya dawa za sonona. Metoclopramide ya kuzuia kutapika yenyewe inaweza kuleta kitu kinachofanana kabisa na Parkinson, kisha mara nyingi kinaondoka dawa ikiachwa.

Njia ya Mkato #15
Mnamzungusha. Propranolol, kidonge kimoja, lisaa limoja mikono inakuwa ya jiwe. Mimi natumia kabla ya kusimama mbele ya watu. Hata wapiga vinanda wanatumia.

Nesi wa Zamu #16
WEWE. Mtu kaandika kwa mkono wake kwamba ana pumu. Propranolol inabana njia za hewa, inafanya kinyume cha inhela yake. Ni dawa nzuri kwa huo mtetemo wa kina Kikombe Nusu, kwa mtu mwenye pumu inaweza kumuua. @Bisibisi usiiguse.

Njia ya Mkato #17
Sikusoma #8. Samahani sana. Nimekubali kosa, nauacha ujumbe ili mtu mwingine aone jibu la Nesi.

Kona ya Bluu #18
Kwa faida ya uzi: propranolol hiyohiyo imekatazwa kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Olimpiki ya Beijing 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali za fedha na shaba za bastola kwa ajili yake. Mkono wa jiwe ni udanganyifu.

Shuka Mbili #19
Kwa hiyo Njia ya Mkato ni mdanganyifu wa Olimpiki. Endeleeni.

Shingo Upande #20
Hakuna aliyeshika lile tundu la mkanda? Mimi nimelishika.

Nilikuwa na miaka 26. Nakula kama mjenzi, kilo zinashuka. Wenzangu wamevaa masweta mimi nafungua dirisha. Moyo 118 nimekaa kwenye kiti. Mikono ilikuwa na mtetemo mwembamba wa haraka, kama simu iliyo kwenye mtetemo ndani ya mfuko. Nilimaliza miezi minane nikiambiwa nina msongo wa mawazo, na msongo nilikuwa nao kweli, ndiyo maana nilikubali. Mwisho mtu mmoja akanigusa shingo, akaniambia nimeze mate, akaagiza kipimo cha damu. TSH ilikuwa chini kabisa, homoni za tezi ya shingo (thairoidi) ziko juu. Kidonge cha carbimazole, na baada ya miezi miwili mwandiko wangu ukarudi.

Bomba moja la damu. Kapime kabla hujafika Parkinson.

Fremu ya Pili #21
TSH ikiwa chini si maana yake tezi imelala?

Shingo Upande #22
Kinyume. TSH ni fimbo ya kuichapa tezi ifanye kazi. Tezi ikichacharika yenyewe, fimbo inawekwa chini.

Bisibisi #23
Nilikuja na ugonjwa mmoja, sasa ninao sita. Nimejishika shingo hadi imekuwa nyekundu.

@Koti Jeupe siku nisizovuta inhela bado ipo, ila si sana. Nadhani. Sikuwahi kuandika.

Meno ya Juu #24
Dogo ondoa wasiwasi, Parkinson ni ya wazee wa miaka 60 kwenda juu. Kijana haipati.

Binti Tarakimu #25
Hapana. Mara nyingi huanza baada ya 60, hiyo ni kweli, lakini "haipati" si kweli. Michael J. Fox, mwigizaji, aligunduliwa nayo mwaka 1991 akiwa na miaka 29, akaitangaza hadharani 1998. Ni nadra sana kwa umri huo. Nadra si sifuri.

Meno ya Juu #26
Huyo mmoja. Mwingine bondia Muhammad Ali, na yeye alikuwa mzee.

Binti Tarakimu #27
Ali alizaliwa 1942, akagunduliwa 1984. Toa mwenyewe.

Meno ya Juu #28
42. Haya, kidogo tu.

Kona ya Bluu #29
Ali zilikuwa ngumi tu. Angeacha mapema baada ya pambano la Manila angekuwa mzima.

Koti Jeupe #30
Hilo wanabishania hadi leo. Kupigwa kichwani kunaongeza hatari, lakini huwezi kusema kwa mtu mmoja kwamba ni ngumi na si kingine.

Turudi. James Parkinson alipoandika kuhusu huo ugonjwa mwaka 1817, mtetemo alioueleza ni wa kiungo kilichotulia. Ni wa polepole kuliko wako, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kidole gumba na cha shahada vinaviringishana kama mtu anayetengeneza kidonge. Huanza upande mmoja. Na hauji peke yake: mwili unakuwa mzito, mwandiko unasinyaa kadiri mstari unavyoenda, mkono mmoja hauyumbi mtu akitembea. Wapo hata wasiotetemeka kabisa. Wa mleta uzi unaamka akishika bisibisi na kulala akipumzika, yaani ni kinyume.

Nesi wa Zamu #31
Nakubali asilimia kubwa, ila usiifanye sheria ya chuma. Wenye Parkinson wengine wakinyoosha mikono, inatulia sekunde kadhaa kisha mtetemo unarudi hapohapo hewani. Ndiyo maana anatakiwa mtu wa kumtazama akitembea, akiandika, akigonga vidole, siyo sisi.

Mbili Kasoro #32
Nitasema ambalo hakuna aliyelitaja, na nalisema kwa sababu ya binamu yangu.

Alikuwa na miaka 21. Mikono, kisha maneno yakaanza kuwa mazito, kisha hasira zisizo zake. Tulihangaika mwaka mzima tukidhani ni akili. Ilikuwa shaba. Ugonjwa wa Wilson, wa kurithi, ini linashindwa kutoa shaba inayoingia na chakula, inajikusanya kwenye ini na ubongo. Daktari wa macho akiangalia kwa ile darubini yao aliona pete ya kahawia kwenye ukingo wa kioo cha jicho, pande zote mbili. Tulikuwa tumekaa naye meza moja kila siku, hakuna aliyeiona.

Ni nadra mno. Lakini inatibika kwa dawa za kutoa shaba na za zinki, na ikichelewa inaharibu bila kurudisha. Kijana yeyote mwenye mtetemo usioeleweka aombe wampime seruloplasmini (protini ya damu inayobeba shaba), ini na macho. Binamu anaongea vizuri sasa. Mkono wa kushoto haukurudi wote.

Nafuatilia Kimya #33
Nimeenda kujitazama jicho kwenye kioo. Najua nanyi mmeenda.

Kichwa Ngumu #34
Nimetumia kamera ya simu. Nimeona mishipa tu.

Karai #35
@Bisibisi unachomelea simu? Ule moshi je? Mimi nilikuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu, tunachenjua kwa zebaki, tunaichoma juu ya jiko wazi, mvuke tunavuta. Mzee mmoja aliyefanya hivyo miaka mingi hawezi kuandika jina lake, mdomo pia unacheza, na amekuwa mwepesi wa kulia. Zebaki ndiyo tabia yake hiyo. Wewe una madini ya risasi kwenye waya wa kuchomelea.

Bisibisi #36
Nachomelea kila siku, dirisha moja, feni inanipulizia usoni.

Koti Jeupe #37
Zebaki sina ubishi, hasa mvuke. Risasi ya kuchomelea ni habari tofauti kidogo. Kwa joto la kazi yake risasi yenyewe haigeuki mvuke wa maana. Moshi anaouona ni wa ule utomvu unaosaidia waya kushika. Hatari ya risasi ni vidole: unashika waya, unakula bila kunawa. Na kwa mtu mzima, risasi ikipiga mikono hulegeza kifundo kuliko kukitetemesha. Lakini huo moshi wa utomvu unaamsha pumu. Pumu ikiamka anavuta inhela. Inhela...

Shuka Mbili #38
...na tumerudi #14. Koti Jeupe umefunga mduara vizuri, utafaulu mtihani.

Bisibisi #39
Hili la moshi sikuwahi kuliwaza hata siku moja. Kweli kifua kinabana zaidi siku za kuchomelea.

Chaki Nyeupe #40
Na mimi nitupie langu, najua halitapendwa.

Mazoezi yangu ya kwanza ya ualimu nilishika chaki mbele ya watoto arobaini, mkono ukaanza. Nikaandika "Jumatatu" likatoka kama limeandikwa ndani ya gari. Mtoto wa mbele akacheka. Kuanzia hapo kila nikikaribia ubao, unaanza kabla sijashika chaki. Vipimo vyote safi. Daktari akaniambia ninyooshe mkono wa kulia unaotetemeka, halafu kwa wa kushoto nigonge meza kufuata kidole chake: polepole, haraka, polepole. Wa kulia ukaanza kufuata mdundo wa kushoto! Akiugeuza mdundo, ukakatika kabisa. Akasema mtetemo wa Parkinson au wa kifamilia haufanyi hivyo. Mfumo wa neva ni mzima kama waya, ila umejifunza njia mbaya. Si kwamba najifanya. Alilirudia hilo mara mbili na nilikaribia kulia, maana ndilo nililokuwa naogopa kuambiwa.

@Bisibisi video saba saa nane usiku. Mkono unaotazamwa hivyo hauwezi kutulia.

Kikombe Nusu #41
Wa kwako ni wa kweli na sibishi. Lakini mimi niliambiwa "wasiwasi tu" kwa miaka sita na haukuwa wasiwasi. Kuongezeka mtu akikutazama si ushahidi wa lolote, wangu nao huongezeka, wa Parkinson huongezeka, wa tezi huongezeka. Adrenalini haibagui.

Chaki Nyeupe #42
Hilo nakupa.

Bisibisi #43
Nimerudi, siku tisa baadaye. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nazima simu usiku.

Nilienda. Aliyeniona alinitazama dakika chache, akasema "vijana mna mawazo", akataka kuniandikia vitamini. Nikamwonyesha karatasi niliyoandika mambo yenu. Akacheka, ila akaagiza damu. TSH iko kawaida. Sukari kawaida. Ini kawaida. Seruloplasmini pale hawapimi, nimepewa barua ya kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, miadi ni wiki sita mbele. Kilo: nimepungua nne tangu nilipopimwa mara ya mwisho, na nikikumbuka vizuri siku za makopo huwa sili mchana.

Makopo nimeshusha hadi moja, la asubuhi. Kwenye kuchomelea feni nimeigeuza inavuta nje. Inhela wiki hii mara moja tu. Mtetemo umepungua. Nadhani. Naandika kila siku jioni, namba kutoka moja hadi kumi, na jana niliandika 4, wiki ya kwanza ilikuwa 7.

Shingo Upande #44
Nafurahi nimekosea.

Fremu ya Pili #45
KAFEINI. Semeni mlionibishia.

Koti Jeupe #46
Amebadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja na kuongeza usingizi, sasa utajuaje ni kipi? Mimi nasema inhela.

Nesi wa Zamu #47
Nyote wawili tulieni. Barua asiitupe. Namba 4 si 0.

Bisibisi #48
Kuna jingine. Nilichora lile duara la konokono alilosema Kikombe Nusu, bila kuegemeza mkono. La kulia lina mawimbi madogo, yamepangana kama meno ya msumeno. Mama akaniuliza nachora nini. Nikamwambia naye achore. Akacheka, akashika kalamu, na kabla hajaanza akaubana mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kwenye kifundo. Nikamwambia achore bila kuushika. Akasema, "Siwezi kuandika bila kuushika, tangu shule naandika hivi."

Miaka 23 namwona anaandika hivyo. Nilidhani ndio mtindo wake.

Kikombe Nusu #49
Na lake lilikuwaje?

Bisibisi #50
Meno yaleyale. Makubwa kidogo.

Fremu ya Pili #51
Mama anakunywa kahawa?

Bisibisi #52
Vikombe vinne kwa siku 😂

Shuka Mbili #53
Huu uzi hauna mwisho.

Binti Tarakimu #54
Peleka karatasi zote mbili kwenye miadi. Andika tarehe nyuma.

Kichwa Ngumu #55
Mkuu kwa kuwa uko 4 sasa, nina simu hapa kioo kimepasuka na kile kiskrubu cha chini kimelika kichwa. Nikulete, au nisubiri ufike 2?

Bisibisi #56
Lete. Ila usisimame kunichungulia.

Nafuatilia Kimya #57
Wakuu samahani kuingilia, mimi kope ya kushoto inaruka wiki ya tatu sasa...

Nesi wa Zamu #58
Fungua uzi wako. Na kabla hujafungua, makopo mangapi?